Kabla Tingatinga Halijafika

Jumatatu ndiyo siku nzito zaidi ofisini kwetu. Tukifika tunakuta watu wameketi kwenye ngazi, wengine wamepakata watoto, mwingine ameegemea godoro aliloliokoa usiku. Wabomoaji wanapenda wikendi. Korti hufungwa Ijumaa jioni, na anayeleta tingatinga Jumamosi alfajiri anajua ana siku mbili za kufanya kazi yake kabla mtu hajasikizwa. Misako nayo ni vivyo hivyo. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inasema aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo korti haiketi, anangoja siku ya korti inayofuata. Kijana anayeuza karanga barabarani akishikwa Ijumaa jioni, atamwona hakimu Jumatatu. Ibara hiyo hiyo inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6. Mamake hayajui hayo. Anachojua ni kwamba kuna mtu kituoni amemwambia atafute pesa.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika ofisi ya mawakili isiyotafuta faida, huku Eastlands, Nairobi. Si wakili. Kazi yangu ni kukaa na watu kabla wakili hajakaa nao, na kubaki nao wakili akishatoka kortini. Tunachukua kesi za waliofukuzwa makwao, za walioumizwa mikononi mwa polisi, za wagonjwa walionyimwa huduma, za watu wanaozungushwa miaka nenda miaka rudi wakitafuta kitambulisho. Mteja halipi chochote. Mishahara, kodi ya ofisi na nauli za mashahidi hutoka kwa wafadhili, na mawakili wengine wa mjini hujitolea siku zao. Nimekaa hapa muda wa kutosha kuona faili moja likipita mikononi mwa mawakili kadhaa, na kuna jambo ningependa lijulikane kwa kila anayeishi kwenye nyumba ya mabati: kesi ya haki hujengwa kabla ya dhuluma kutokea, na wanaoijenga ni wenyewe.

Zamani mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. Mwaka 1989 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma ya Nairobi. Korti haikufika hata kwenye swali la bustani. Ilisema hana haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha dhara lililompata yeye binafsi kuwazidi watu wengine. Mradi ule ulikufa kwa sababu watu walipiga kelele na wenye pesa wakajiondoa, si kwa amri ya jaji. Ukiisoma Ibara ya 22 ya Katiba ya 2010 huku ukikumbuka kesi ile, utaona jinsi walioiandika walivyodhamiria yasirudie. Mtu anaweza kushtaki kwa niaba ya asiyeweza kujisimamia, kwa niaba ya kundi, au kwa manufaa ya umma. Ibara inakataza ada ya kufungua kesi za aina hiyo. Kanuni za mwaka 2013, ambazo pale Milimani, kwenye korti za Nairobi, kila mtu anaziita Kanuni za Mutunga kwa jina la Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, zinairuhusu korti kupokea hata barua, na hata malalamiko ya mdomo ambayo korti yenyewe itayaandika.

Kwa hiyo siku hizi kuingia si kazi. Kazi ni kwamba ukishaingia unaulizwa umekuja na nini. Na maisha ya mtaani hayaachi karatasi nyingi. Nyumba haina hati. Kodi hulipwa bila risiti. Kibanda cha biashara kilirithiwa kwa maneno. Upande wa pili unakuja na ramani, hati miliki, barua zenye mihuri, na wakili aliyelipwa kuziba kila mwanya. Jaji awe na huruma kiasi gani, ataamua kwa yaliyo mbele yake.

Kuna mama muuza samaki aliyekuja kwetu baada ya mtaa wao kubomolewa. Nilimwomba atoe kila kilichokuwa ndani ya mkoba wake. Akatoa kadi ya kliniki ya mtoto wake wa tatu, na pale juu nesi alikuwa ameandika jina la mtaa na tarehe. Akatoa daftari la chama chao, lenye orodha ya waliochanga kila Jumapili na nyumba ya nani walikokutana. Nikamuuliza, "Na kodi, mama, ulikuwa ukilipa vipi?"

"Kwa simu, mwanangu. Mwenye nyumba hakutaka kuja kudai kila mwezi."

Simu ilikuwa imepasuka kioo lakini ujumbe wa M-Pesa ulikuwamo, mwezi baada ya mwezi, jina lile lile la mpokeaji. Hapo tukawa na ushahidi kwamba aliishi pale, kwamba kuna mtu aliyepokea kodi yake, na kwamba hakuwa mvamizi wa jana. Ila picha na ujumbe wa simu haviingii kortini hivi hivi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza ni kifaa gani kilichotumika, nani aliyetoa nakala, na kwa njia gani. Nimeona picha nzuri za ubomoaji zikipingwa na upande wa pili kwa kuwa aliyezipiga alihamia kwao Kisumu na hakuna aliyeweza kumpata akatia sahihi. Ndiyo maana siku hizi mtu akituletea picha, cheti kinaandikwa siku hiyo hiyo, yeye akiwa bado mbele yetu.

Kisha kuna orodha ya mali. Ukimuuliza mtu aliyevunjiwa nyumba jana amepoteza nini, atakwambia, "Kila kitu." Ni kweli, lakini jaji hawezi kukadiria fidia ya kila kitu. Huwa namwambia aingie ndani kwa mawazo. Anzia mlangoni, mkono wa kulia, uniambie unagusa nini. Yule mama alianza na ndoo ya maji, akaja kwenye karai mbili za kukaangia, jiko la makaa, meza, beseni la samaki wa siku iliyofuata, kitanda, sanduku la nguo. Akafika kwenye waya uliopita juu ya kitanda, akasema pale palikuwa na sare ya shule, ilikuwa haijakauka. Akanyamaza kidogo, akaendelea na redio. Ukurasa ulijaa mbele na nyuma. Kila kitu tukakiandikia bei aliyokinunulia, kwa kadiri alivyokumbuka, na mahali alipokinunua.

Maelezo haya yakishaandikwa kuwa hati ya kiapo, kwa kawaida huwa kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya faili za Mahakama Kuu. Anayeapa asipokijua Kiingereza lazima asomewe kwa lugha anayoielewa, na hati ionyeshe kwamba alisomewa. Kuna ofisi zinazoifanya hatua hii mbio mbio, karatasi inasukumwa, kidole gumba kinachovywa wino, basi. Mimi siwezi kuikubali tabia hiyo. Nilipomsomea yule mama aya moja inayosema polisi walibomoa nyumba, alinisimamisha. "La. Polisi walisimama pale barabarani. Waliovunja ni vijana waliokuja na lori, wana marungu, na mwenye kuwaelekeza alikuwa na shati jeupe, ana karatasi mkononi na hakumwonyesha mtu."

Sentensi hiyo ilibadilisha kesi. Sheria ya Ardhi, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inataka notisi ya miezi 3 kabla ya watu kuondolewa. Inataka pia wanaowaondoa wajitambulishe na waonyeshe kibali rasmi, na shughuli yenyewe iendeshwe kwa kulinda utu wa watu, hasa watoto, wazee na wenye ulemavu. Kama aliyevunja ni genge la kukodiwa na polisi walisimama kutazama, basi yako makosa mawili na washtakiwa wa aina mbili. Tungeapa kwamba polisi ndio waliovunja, wakili wa upande wa pili angeuliza swali moja tu na shahidi wetu angeonekana mwongo, ilhali alikuwa mkweli kuliko karatasi yake.

Kwa hiyo tukienda kwenye mikutano ya mtaa tunafundisha maswali hayo kabla ya siku yenyewe. Nani alikuja? Alijitaja jina gani? Gari lilikuwa na namba gani? Notisi ilibandikwa wapi, lini, na nani aliyeipiga picha ikiwa bado ukutani? Wazee wa mtaa wameshazoea, na kuna vijana walio na daftari maalumu la mambo haya. Tunawaambia pia kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa na barua za shule zisikae nyumbani peke yake. Piga picha, mtumie ndugu aliye mtaa mwingine.

Hata amri ya korti ni karatasi, na karatasi isiyomfikia mtu haimzuii. Mei 2020, wakati wa corona, nyumba za watu zilibomolewa Kariobangi ingawa wakazi walikuwa wameshapata amri ya kusimamisha. Ukitaka kumshtaki mtu kwa kudharau korti lazima uonyeshe kwamba aliijua amri na akaipuuza kwa makusudi. Tukipata amri jioni, kabla ya kupongezana, nakala zinatoka na kijana wa bodaboda: moja kituo cha polisi cha eneo hilo, moja kwa chifu, moja kwenye eneo lenyewe, moja kwa wakili wa upande wa pili. Kila mahali apigiwe muhuri wa kupokea, na akikataliwa aandike jina la aliyekataa na saa. Mara nyingine tumeona tingatinga limezimwa kwa sababu dereva ameonyeshwa karatasi yenye muhuri na hakutaka kuingizwa kwenye kesi isiyomhusu.

Kesi ninayoitaja zaidi katika mikutano ni ya Mitumba, kijiji kilichokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Wakazi walikwenda kortini mwaka 2011 kupinga kuondolewa, wakapata amri ya muda, na bado Novemba mwaka huo kijiji kikabomolewa, shule na yote. Mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba haki zao zilikiukwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema haki ya makazi iliyo katika Ibara ya 43 inaweza kudaiwa kortini, kwamba watu walioishi kwenye ardhi ya umma hawawi wenye ardhi lakini wana haki inayopaswa kulindwa wanapoondolewa, na kwamba korti inaweza kutoa amri na kuendelea kufuatilia kama inatekelezwa. Kisha faili likarudishwa Mahakama Kuu kuamua nafuu ya kuwapa wakazi.

Hesabu miaka. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza tingatinga lilipofika alikuwa amefika umri wa sekondari hukumu ya Mahakama ya Juu ilipotoka. Katika muda huo watu wanatawanyika, wanabadilisha namba za simu, wanazeeka, wanakufa. Wengine wanafuatwa na kuambiwa wachukue pesa kidogo wajitoe. Ninyi mnaotusoma mkidhani kesi hushindwa kwa udhaifu wa hoja, mara nyingi haiko hivyo: kesi hushindwa wenye kesi wasipopatikana. Ndiyo maana tunasisitiza kamati ya wakazi yenye mwenyekiti, katibu, na daftari la majina lenye namba ya mhusika na namba ya jamaa yake mmoja. Kamati ikutane hata kama hakuna jipya. Tangu kesi za Nairobi zianze kuwasilishwa kwa mtandao mwaka 2020, na vikao vingi kufanyika kwa video, mambo yamekuwa rahisi kidogo. Nimekaa na kamati kwenye kibanda cha chai, simu imesimamishwa kwenye mkebe wa sukari, wote wameinama kusikiliza kesi yao ikitajwa kwa dakika chache na kupangiwa tarehe nyingine. Zamani siku kama hiyo ingemgharimu kila mmoja nauli na kibarua cha siku.

Kuna mvutano mmoja katika ofisi kama yetu ambao hauzungumzwi vya kutosha. Sisi tunataka hukumu, kwa sababu hukumu ya Mahakama Kuu itawafaa watu tusiowajua. Mteja anataka maisha yake yasonge. Tulikuwa na mama aliyezuiliwa hospitalini baada ya kujifungua kwa sababu ya bili. Sheria ilikuwa upande wake: mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi hapa Nairobi, ilishasema kwamba kumfungia mgonjwa kwa ajili ya deni ni kukiuka haki zake. Hospitali iliyomzuia mteja wetu, ambayo sitaitaja, ikaleta ofa: bili ifutwe, alipwe kiasi fulani, kesi iondolewe. Mawakili wetu walitaka kuendelea. Mama akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi Januari nina mtoto wa kupeleka shule. Hiyo hukumu mtaipata kwa mwingine."

Tuliiondoa kesi. Naamini ilikuwa haki kabisa. Yeye ndiye aliyelala sakafuni na mtoto mchanga, si sisi, na hakuna mfadhili wala kanuni ya sheria inayompa mwingine mamlaka ya kukataa pesa kwa niaba yake. Siku hizi mteja anapotia sahihi ya kutukabidhi kesi, tunamweleza kwa Kiswahili, kwa maandishi, kile ofisi inachotarajia kupata katika kesi yake, na kwamba akitaka kupatana neno la mwisho ni lake. Vilevile picha yake haitoki bila ruhusa yake. Nimechoka kuona nyuso za akina mama wanaolia kwenye mabango ya mashirika wakati wenyewe hawajui zilipigwa lini.

Na hukumu ikija, hasa dhidi ya serikali, usiikodie hema bado. Sheria ya Mashauri ya Serikali, kifungu cha 21, hairuhusu mali ya serikali kukamatwa na kupigwa mnada kama ya mdaiwa wa kawaida. Lazima upate hati ya amri kutoka kortini, uifikishe kwa Mwanasheria Mkuu, ungoje. Wasipolipa unarudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha afisa mwenye dhamana ya fedha atimize wajibu wake. Akikaidi ndipo unafungua shauri la kudharau korti. Kila hatua ni karatasi, kila hatua ni tarehe. Nimewaona watu waliocheza na kuimba kwenye ngazi za Milimani wakirudi ofisini miaka baadaye kuuliza pesa zimefika wapi, na jibu la kweli ni kwamba ziko kwenye foleni ya bajeti.

Hapa ndipo wafadhili wanapotuumiza bila kukusudia. Fedha za mradi huja kwa miaka 2 au 3, na ripoti inataka matokeo. Kesi ya makazi inaweza kuchukua mara tatu ya muda huo. Mradi unakwisha, wakili anapata kazi kwingine, faili linabaki kabatini. Ningekuwa na sauti kwa wanaotoa pesa hizo ningewaomba wagharimie kesi hadi hukumu itekelezwe, na watenge fungu la nauli, simu na mikutano ya kamati, kwa sababu hayo madogo ndiyo yanayoiweka kesi hai wakati mawakili wanapishana.

Mwezi huu tumepata wakili mpya, msichana aliyetoka shule ya sheria majuzi, mwepesi wa kuelewa. Amekabidhiwa faili la wakazi ambalo limekuwa kortini tangu yeye akiwa sekondari. Siku ya kwanza alitaka kusoma mawasilisho yote ya kisheria. Nilimwomba tuanze na daftari la majina. Tunapiga simu moja moja, tukikuta namba imezimwa tunampigia jamaa, tukiambiwa mtu ameaga tunaandika tarehe na jina la atakayesimama mahali pake. Tumefika herufi ya M, na Jumamosi tunakwenda mtaani kuwatafuta ambao hawajapatikana.